Dhamana: Neno Moja, Mizigo Mbalimbali

Asubuhi moja mzee mmoja alifika kwenye dirisha la masjala yetu kortini, akiwa ameshika bahasha ya khaki iliyofungwa kwa uzi wa katani. Ndani yake mlikuwa na hati ya shamba lake la ekari 3. Mpwa wake, kijana wa miaka 22, alikuwa amesomewa shtaka siku iliyotangulia, akakana, na hakimu akaamuru aachiliwe kwa dhamana ya Sh. 50,000 pamoja na mdhamini mmoja. Nami nikamwambia mzee maneno yale yale niliyokwisha kuwaambia watu wengi kabla yake: “Mzee, lete hati, uweke dhamana, kijana aende nyumbani.”

Mzee akanitazama kitambo. Kisha akairudisha bahasha ndani ya koti lake, akasema, “Dhamana naijua, bwana karani. Ilikwisha kunila mara moja.” Akageuka, akaenda zake.

Yule kijana alikaa rumande wiki 7, mpaka shangazi yake alipofika kutoka mbali akamtoa. Mwisho wa kesi hakuonekana na hatia. Lakini katika wiki zile 7 kazi yake ya useremala ilikuwa imekwisha kupewa mtu mwingine.

Baadaye nilipata kufahamu jambo lililomwogofya mzee. Miaka ya nyuma alimdhamini rafiki yake katika chama cha akiba na mikopo. Rafiki hakulipa, na chama kikakata akiba ya mzee, jasho la miaka 11. Kwa hiyo aliposikia tena neno dhamana, alidhani ni shimo lile lile. Alifikiri kwamba kijana akionekana na hatia, shamba litauzwa. Hapana mtu aliyemweleza kwamba sivyo. Na mtu wa kwanza aliyepaswa kumweleza nilikuwa mimi.

Ndiyo sababu naandika makala haya. Neno dhamana ni fupi, nalo lafahamika kwa kila mtu. Na hapo ndipo hatari yake ilipo. Neno geni mtu huuliza maana yake, lakini neno analolijua haulizi.

Asili ya neno

Neno hili tulilipata kwa Waarabu, kama tulivyopata amana na rehani. Wazee wa pwani walizitenga vyema maana za maneno haya matatu. Amana ni kitu ulichopewa ukitunze, na mwenyewe akirudi umrudishie kama kilivyokuwa. Rehani ni mali ambayo mdeni humpa mwenye kumdai, au huifunga kwa ajili yake, mpaka deni lilipwe. Na dhamana ni mtu kujitwika jambo lililo juu ya mwingine, akisema, “Asipolitimiza yeye, niulizeni mimi.”

Siku hizi maneno yote matatu yamekaribia kumwagwa katika chungu kimoja. Mwenye kuweka hati benki husema ameweka dhamana. Mwenye kulipa fedha kortini ili ndugu yake atoke husema ametoa dhamana. Mwenye kuikopesha Serikali husema amenunua dhamana. Na mtu aliyechaguliwa kushika cheo huambiwa kwamba amepewa dhamana. Wote hawa wasema Kiswahili sahihi, lakini hawasemi jambo moja. Na tuwafuate mmoja mmoja.

Dhamana ya kortini

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 49, inampa kila mtu aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya haki, akingojea kushtakiwa au kuhukumiwa, isipokuwa kuna sababu nzito za kumzuia. Kabla ya Katiba hiyo, watu walioshtakiwa kwa uuaji, uhaini au wizi wa kutumia nguvu hawakuweza kupewa dhamana. Tangu wakati ule hata wao waweza kuiomba, na hakimu au jaji akapima. Kifungu hicho chasema pia kwamba mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi 6.

Je, dhamana hii yadhamini nini? Hapa ndipo wengi hupotea. Haidhamini kwamba mshtakiwa ni mtu mwema. Haidhamini kwamba hakutenda kosa. Yadhamini jambo moja kubwa: kwamba atafika kortini kila siku atakayotakiwa kufika. Kwa kuwa sheria humhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vingine, haifai kumfunga kabla ya hukumu. Lakini pia haifai kesi ikose mtu wa kuhukumiwa. Dhamana ndiyo daraja kati ya mambo hayo mawili.

Mshtakiwa huweza kuachiliwa kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni ahadi yake mwenyewe, bila fedha mkononi. Ya pili ni fedha taslimu, ambazo hutolewa risiti na kuwekwa na korti. Ya tatu ni mdhamini, yaani mtu mwingine anayetia sahihi, na mara nyingi huleta hati ya shamba au ya gari ili kuonyesha kwamba ana uwezo.

Kesi ikiisha na mshtakiwa akiwa amehudhuria siku zote, fedha zile hurudishwa na hati ile hurudishwa. Na lifahamike vizuri neno hili: hurudishwa hata kama mshtakiwa ameonekana na hatia. Hatia ni mzigo wake mwenyewe. Mdhamini hafungwi kwa ajili yake, wala hauziwi shamba kwa ajili yake. Jambo linalomtia mdhamini hatarini ni mshtakiwa kutoroka. Hapo korti humwita mdhamini, akatakiwa alipe kiasi kile alichotilia sahihi, au aeleze sababu za kutosha za kutolipa.

Tena sheria haikumwacha mdhamini bila mlango. Akiona kijana ameanza kuuza vyombo vyake na kuulizia magari ya mbali, aweza kwenda kortini kabla mambo hayajaharibika, akaomba kufunguliwa udhamini wake. Korti humwita mshtakiwa na kumtaka atafute mdhamini mwingine, la sivyo arudi rumande.

Kwa maneno mengine, dhamana ya kortini si faini, kwa kuwa faini hutolewa baada ya hatia na hairudi. Si mwisho wa kesi, maana wapo watu wanaodhani kwamba wakilipa wameachiliwa moja kwa moja, nao hawarudi, na mwisho hukamatwa kwa hati ya korti. Wala si ada ya kumpa askari. Sheria ya Polisi ya Kenya inakataza kutoza ada kwa dhamana iandikwayo katika kituo cha polisi. Ikiwa ni fedha za dhamana, sharti risiti. Pasipo na risiti hapana dhamana, pana jambo jingine, na jina lake twalijua.

Dhamana ya mkopo

Sasa tutoke kortini twende kwenye chama cha akiba na mikopo, mahali yule mzee alipoumia. Hapa vilevile pana fomu, pana sahihi, na pana mtu aitwaye mdhamini. Lakini jambo linalodhaminiwa limebadilika kabisa. Si miguu ya mtu, bali ni mfuko wake.

Katika dhamana ya mkopo, rafiki yako aweza kuwa haendi popote. Aweza kuwa mnaonana naye kila Jumapili kanisani au kila Ijumaa msikitini, naye akakusalimu kwa heshima. Aweza hata kuwa mwaminifu, ila biashara yake imeanguka. Yote hayo hayakuokoi. Asipolipa, utatakiwa wewe, na mara nyingi akiba yako katika chama ndiyo itakayoguswa kwanza. Tena, katika vyama vingi, kiasi cha akiba kilichofungwa kwa ajili ya mkopo wa mwenzako huwezi kukitoa mpaka mkopo ule uishe au apatikane mdhamini wa kukaa mahali pako. Basi mtu aweza kumdhamini mwenzake leo, na miaka 2 baadaye akitaka akiba yake kwa karo ya mtoto, akaambiwa, “Ngoja.”

Sheria ya Mikataba ya Kenya yasema kwamba mtu hawezi kushtakiwa kwa ahadi ya kulipa deni la mwingine isipokuwa ahadi hiyo imeandikwa na kutiwa sahihi. Kwa hiyo maneno ya barazani, “Mkopeshe, nipo mimi,” hayatoshi mbele ya korti. Lakini ubaya wake ni kwamba sahihi ikisha kuwekwa, kusema “sikusoma” hakutakusaidia sana. Kalamu ni nyepesi mkononi, lakini wino wake ni mzito.

Dhamana ya shamba na ya mali nyingine

Mkopaji mwenyewe naye aweza kuweka shamba lake kuwa dhamana benki. Hii, kwa maana ya wazee, yakaribia rehani kuliko dhamana, kwa sababu si mtu anayesimama, bali ni mali inayofungwa. Mkopo usipolipwa, benki yaweza kuiuza. Hata hivyo haiwezi kuamka asubuhi na kupiga mnada jioni. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, deni likiisha kucheleweshwa kwa mwezi mmoja, benki hutoa notisi ya kumpa mdeni muda usiopungua miezi 3 wa kurekebisha mambo; na ikiwa imekusudia kuuza, hutoa tena notisi nyingine ya siku zisizopungua 40. Tena, shamba lenye nyumba wanamoishi mume na mke haliwezi kuwekwa dhamana kihalali bila ridhaa ya mwenzi. Kifungu hicho kimeokoa akina mama wengi wasiamke siku moja wakakuta dalali uani.

Na tusidhani kwamba ardhi peke yake ndiyo dhamana. Sheria ya mwaka 2017 juu ya mali zinazohamishika imewezesha ng'ombe, mazao, mashine na hata madeni ambayo mtu anadai wengine kuandikishwa kuwa dhamana ya mkopo. Jambo hili ni jema kwa mkulima asiye na hati ya shamba. Lakini na anunuaye ng'ombe mnadani aulize, maana ng'ombe hana alama usoni ya kuonyesha kwamba amefungwa kwa deni la mtu.

Dhamana ya bandarini

Ukifika Mombasa, neno hili livaa kanzu nyingine. Kuna maghala ambayo huitwa maghala ya dhamana. Mtu mgeni hudhani humo huwekwa mali za wadeni, lakini sivyo. Ni maghala ambamo mfanya biashara huweka bidhaa zake kutoka ng'ambo kabla ya kuzilipia ushuru, chini ya macho ya watu wa forodha. Siku atakapozitoa kuziuza nchini, ndipo alipapo ushuru. Akizipeleka nje ya nchi, hailazimu kulipa ushuru wa kuziingiza hapa.

Vivyo hivyo kwa mizigo ipitayo Kenya kwenda nchi za bara, kama vile Sudan Kusini au Kongo. Wakala wa forodha hutia sahihi dhamana kwamba mzigo utavuka mpaka. Lori likitoka Mombasa na sukari ya kwenda ng'ambo, kisha sukari ile ikaonekana dukani njiani, ushuru wote hudaiwa kwa dhamana hiyo. Sheria inayotawala mambo haya ni ile ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Hapa basi hakidhaminiwi kiumbe, wala deni lililokwisha kukopwa, bali safari ya mzigo.

Serikali inapokuwa mdeni

Kuna dhamana nyingine inayogeuza mambo juu chini. Serikali ikihitaji fedha huzikopa kwa wananchi, ikawapa hati ya kuahidi kuwarudishia pamoja na faida. Hati hizo nazo huitwa dhamana za Serikali, ingawa wengine huziita hatifungani, na jina hilo la pili lapunguza utata. Mwaka 2017 Serikali ya Kenya ilianzisha hati iliyoitwa M-Akiba, ambayo mwananchi aliweza kuinunua kwa simu ya mkononi kuanzia Sh. 3,000, kwa muda wa miaka 3, na faida ya asilimia 10 kwa mwaka.

Tazama tofauti. Kortini na katika chama cha mikopo, mwenye kutia sahihi ndiye anayebeba mzigo. Hapa mwenye kununua dhamana hambebei mtu mzigo. Yeye ndiye anayedai, na Serikali ndiyo inayodaiwa. Mtu aliyewahi kuumia kwa udhamini aweza kuikimbia hati hii kwa kuogopa jina tu. Na mwingine, aliyezoea kusikia kwamba dhamana huleta faida, aweza kutia sahihi fomu ya mkopo wa jirani akitumaini faida ambayo haipo. Neno ni moja. Mmoja hupoteza kwa kukimbia, na mwingine kwa kukimbilia.

Wadhamini wasiolipa deni

Hata mdhamini mwenyewe amekuwa watu watatu. Wa kwanza ni yule wa korti na mikopo, tuliyemwona. Wa pili ni mjumbe wa baraza la wadhamini la msikiti, kanisa, shule au chama. Huyu huandikiwa mali kwa jina lake, lakini si yake. Aishika kwa manufaa ya wengine, na kosa lake kubwa ni kuila. Wa tatu ni yule anayedhamini timu ya mpira au masomo ya mwanafunzi: hutoa fedha alizoahidi, na timu ikifungwa mabao 5 hadaiwi kitu. Kwa hiyo mtu akikuletea karatasi akasema, “Bwana, tunakuomba uwe mdhamini wetu,” bado hajakuambia neno. Muulize, mdhamini wa namna gani?

Cheo ni dhamana

Mwisho, kuna dhamana isiyo na fomu wala risiti. Katika nchi jirani ya Tanzania waziri hutajwa kuwa ni mwenye dhamana ya elimu au ya afya. Na chama cha TANU, kilichoanzishwa mwaka 1954, kiliweka katika ahadi za wanachama wake neno la kwamba cheo ni dhamana, yaani si mali ya mwenye cheo, na asikitumie kwa faida yake. Maana hii imerudi karibu na ile ya wazee: mtu amejitwika jambo la watu, naye ataulizwa.

Dhamana hii haina hati inayowekwa kortini, na kwa sababu hiyo hudharauliwa upesi. Lakini na karani wa dirishani anayo. Watu walipotoa kodi yao ili mimi nikae pale, walinidhaminisha jambo dogo: kumfahamisha mtu anachotia sahihi. Asubuhi ile sikulitimiza.

Maswali matatu

Basi, ndugu msomaji, mtu akikutajia dhamana, usikubali wala usikatae kabla ya kumuuliza maswali matatu. La kwanza: Ninadhamini nini hasa — kufika kwa mtu, kulipwa kwa deni, safari ya mzigo, au ni mimi ninayekopesha? La pili: Ni tukio gani likitokea ndipo nitadaiwa mimi, na ni kiasi gani? La tatu: Dhamana hii inaisha lini, na nikitaka kujitoa kabla ya mwisho, mlango uko wapi? Asiyeweza kukujibu maswali haya, ama haijui karatasi aliyoishika, ama anaijua sana.

Yule mzee nilikutana naye tena sokoni, miezi mingi baada ya kesi kwisha. Nikamwamkia, nikamwomba radhi, nikamweleza mambo ambayo ningemweleza siku ile: kwamba shamba lake lingekuwa hatarini kwa jambo moja tu, nalo ni kijana kutoroka. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, “Kumbe hiyo ni dhamana ya miguu. Mimi niliumwa na dhamana ya mfuko. Yule mtoto nimemlea. Miguu yake naijua.” Kisha akauliza, bila hasira, “Mbona hukuniambia, mwanangu?”

Sikuwa na jibu la kumpa. Tangu siku ile, mtu afikapo dirishani simwambii tena, “Weka dhamana.” Namwambia: “Unaahidi kwamba huyu atafika kortini kila siku atakayoitwa. Asipofika, utadaiwa kiasi hiki. Kesi ikiisha, hati yako utaichukua hapa hapa.” Maneno hayo hayachukui hata dakika moja.